Kumfungulia Mnyama Mlango si Mwisho wa Amana



Ndugu Waislamu, wengi wetu twaijua tangu utotoni Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Hadithi hiyo, waliyoipokea Bukhari na Muslim, hutufanya tudhani kuwa tukishafungua mlango, dhima imetutoka shingoni. Je, iwapo mnyama mwenyewe amekwisha kusahau kujitafutia?

Suali hili lilidhihiri katika kadhia ya Keiko, nyangumi mweusi mwenye mabaka meupe, wa jamii iitwayo oka. Alinaswa karibu na Iceland mwaka 1979 angali mdogo, akatumikishwa katika maonyesho hadi Mexico. Filamu ya mwaka 1993 ilimpa umaarufu, watu wakachanga fedha ili arejeshwe kwao. Alirudishwa Iceland mwaka 1998, akafunzwa upya kuvua samaki, na kiangazi cha mwaka 2002 akashika njia.

Pezini alifungwa chombo kidogo cha kupeleka ishara. Chombo cha namna hiyo huwasiliana na setilaiti pale mnyama anapoibuka kuvuta pumzi, kwani ndani ya maji ishara hazipiti. Mwenyezi Mungu, kama tusomavyo katika Surat Hud, aya ya 6, ndiye ajuaye makao ya kila kiumbe na ndiye mdhamini wa riziki yake. Mwanadamu hana elimu hiyo, basi hana budi kufuatilia.

Ishara zilionyesha Keiko amevuka bahari hadi Norway, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Kwa mwenye kutazama ramani pekee, hiyo ilikuwa bishara njema. Lakini alipofika huko hakuandamana na oka wenziwe. Aliandamana na watu. Watoto waliogelea naye, wengine wakampanda mgongoni. Walezi wake wakamfuata na kuendelea kumlisha hadi alipokufa Desemba 2003. Wako waliowacheka kwa gharama hizo. Sisi twaona hapo ndipo walipotimiza amana, kwani lau wasingemfuatilia wangesherehekea uhuru wake naye yu katika dhiki. (Nasi huku kwetu tunaye tumbili afugwaye tangu mchanga, akianza kuuma hupelekwa porini, na hakuna arudiye kumtazama.)

Mwaka huo huo wa 2002 alionekana karibu na Seattle oka jike yatima, wa umri wa miaka 2 hivi, dhaifu na peke yake. Walimwita Springer. Sauti zake ziliwajulisha wataalamu ukoo wake, kwa kuwa kila ukoo wa oka una milio yake. Alitunzwa mwezi mmoja tu, kisha akapelekwa Kanada kwenye maji ya jamaa zake, nao wakampokea. Tangu hapo alifuatiliwa mwaka baada ya mwaka kwa picha za pezi lake na baka lililo nyuma yake. Mwaka 2013 alionekana na mtoto ubavuni, na mwaka 2017 akaonekana na wa pili.