Wasifu Uliochongwa Juu ya Lango

Wengi wetu tukifika Ngome ya Yesu kule Mombasa tunapiga picha za mapozi langoni, tunakata tiketi, halafu huyoo tunakimbilia mizinga. Safari hii tembeeni polepole. Juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno, na kwangu mimi ndilo lililofunika mengine yote mle ndani.

Mimi na Baba Neema tulitoka Singida kwa basi hadi Arusha, tukalala Moshi, kesho yake tukavuka mpaka pale Holili, tukapita Taveta na Voi. Tulikuwa tunasherehekea miaka minane ya ndoa. Ila kwenye begi kulikuwa na barua: mwajiri wake amempa cheo, lakini ahamie Mtwara, na jibu linatakiwa ndani ya wiki mbili. Siku zote hizo nilikuwa nasema "hongera" tu.

Sasa turudi kwenye jiwe. Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593. Mwaka 1631 mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, ambaye walimlea wenyewe kule Goa, India, na kumbatiza, aliingia humo, akamuua kapteni wao na kuitwaa. Walikuja kuizingira wakashindwa, lakini mwaka uliofuata Yusuf aliondoka, nao wakarudi. Ndipo anapoingia kijana wetu, Francisco de Seixas de Cabreira.

Jiwe ni la mwaka 1639, na kusema kweli ni wasifu wa kuombea kazi. Kijana aliyekuwa akitutembeza alitutafsiria: mwaka 1635 bwana huyu alifanywa kapteni wa ngome, umri wake miaka 27. Ameijenga upya. Ametiisha pwani ya Malindi. Pate na Siyu amewaadhibu hadi kubomoa kuta za miji yao. Pemba amewaua viongozi na wakubwa wa mji, kwa uamuzi wake mwenyewe, na hilo nalo analitaja kwa fahari! (Nikamkumbuka Mpemba wetu wa duka la mtaani, Singida, anavyotukopesha sukari.) Mwisho yanakuja malipo: heshima ya kuwa mtu wa nyumba ya mfalme, pensheni ya kila mwaka, na ugavana wa miaka sita kule Jaffna, Sri Lanka ya leo.

"Miaka ishirini na saba!" Baba Neema akaguna. "Mimi umri huo nilikuwa bado nazunguka na bahasha."

"Mkewe ametajwa wapi?" nikamuuliza yule kijana.

"Hayupo, dada."

Baba Neema akanitazama. Hakucheka.

Ndani tulipita haraka haraka. Kuanzia 1895 hadi 1958 ngome ilikuwa jela, kwa hiyo wengi waliopita chini ya majigambo yale hawakuwa watalii. Tangu 2011 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwetu Singida tuna Kilimatinde, ambako Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi ukingoni mwa Bonde la Ufa, lakini lango linalojisifu hivi sijawahi kuliona.

Nje tukanunua madafu, tukakaa kivulini.

"Mama Neema, hii Mtwara hujaniambia unaionaje."

Nikamwambia. Kwamba kazi yangu naipenda, kwamba naogopa kulea watoto kwa simu, kwamba cheo chake kinanifurahisha na kunikasirisha kwa pamoja. Naye akasema ameshindwa kulala tangu barua ifike, maana "hongera" yangu ilikuwa fupi mno. Tulibishana mpaka muuza madafu akaja kukusanya vifuu vyake. Usiku ule aliandika kuomba wiki moja zaidi, na kuuliza kama nafasi ile inaweza kufanyiwa Dodoma.

Mkienda, wahini asubuhi kabla jua halijakolea, na mwombeni anayewatembeza awasomee jiwe lote hadi mstari wa mwisho.