Ibada ya Jikoni

Wanafunzi wetu chuoni hunung'unika: kufagia na kuchota maji kila siku kwamfaa nini Mungu? Twawajibu kwa habari za Ndugu Lawrence, askari wa zamani mwenye kuchechemea, aliyeingia nyumba ya watawa wa Karmeli mjini Paris, akafariki mwaka 1691. Aliwekwa jikoni miaka 15, na kazi ya jikoni, kwa tabia yake, ilimchukiza sana. (Wengi husahau jambo hilo.) Hata hivyo hakuona tofauti kati ya saa ya sala na saa ya kazi, hata mayai kikaangoni aliyageuza kwa kumpenda Mungu. Baadaye akapewa kushona makubadhi ya watawa, akaridhika, tena yu tayari kuyaacha nayo.