Kebo Fupi, Kumbukumbu Salama: Matumizi Bora ya Diski za Nje

Vikundi vya kuweka na kukopa, shule, ofisi za vijiji na watoa huduma za uchapaji hutunza kumbukumbu nyingi kwenye diski za nje, maarufu kama eksteno. Diski hizo zinapokuwa nzito au kujikata katikati ya kunakili, lawama huelekezwa kwa diski, ilhali mara nyingi kosa ni la kebo.

Urefu peke yake haucheleweshi taarifa kwa kiasi cha kuonekana, kwa kuwa husafiri ndani ya kebo kwa kasi kubwa mno. Hata hivyo, kadiri kebo inavyorefuka ndivyo mawimbi yanayobeba taarifa yanavyofifia. Yakififia kupita kiasi, taarifa hufika na makosa na hulazimika kutumwa upya. Kasi hushuka au mawasiliano hukatika. Kwa sababu hiyo, kebo ya USB 2.0 haipaswi kuzidi mita 5, na ya USB 3.0, yenye kasi zaidi ya mara 10, hushauriwa isizidi mita 3.

Aidha, diski ndogo hupata umeme wa volti 5 kupitia kebo hiyohiyo. Kebo ndefu na nyembamba hupoteza sehemu ya umeme huo njiani, na diski huweza kuzima ghafla. Ikizima wakati faili linaandikwa, daftari la mikopo la kikundi kizima linaweza kuharibika.

Aina ya kebo nayo ni muhimu. Kebo nyingi za kuchajia simu hupitisha taarifa kwa kiwango cha USB 2.0 tu. Kunakili GB 50 kwa kebo hiyo huchukua takribani dakika 25, wakati diski hiyohiyo ikitumia kebo ya USB 3.0 huweza kumaliza chini ya dakika 10.

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kutumia kebo iliyokuja na diski, au fupi ya aina hiyohiyo.
2. Kutounga kebo mbili ili kupata urefu.
3. Kuchomeka kebo moja kwa moja kwenye kompyuta. Tundu la USB 3.0 mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani.
4. Kufungua nakala na kuihakiki kabla ya kufuta faili la awali.
5. Kutunza nakala ya pili mahali pengine.