JE, WAJUA? Injini za Mvuke za Marekani: Chuma Kimoja, Kazi Chungu Nzima

Ukitaja garimoshi, watu huwaza abiria na mizigo, basi. Reli za Marekani ziliitumikisha injini ya mvuke kwa zaidi ya miaka 120, na kila ilipozuka kazi mpya, mafundi waliirudisha karakanani ikatoka na umbo jingine. Twende kazi.

1. Ya kwanza ilikuwa mgeni. Tarehe 8 Agosti 1829, mjini Honesdale, Pennsylvania, Horatio Allen alipanda peke yake injini iitwayo Stourbridge Lion na kuiendesha. Ilitoka Uingereza na ilikuwa na uzito wa tani 7 hivi. Reli zenyewe zilikuwa za mbao zilizopigiliwa bamba la chuma juu. Injini ilifaulu, njia ikashindwa kuibeba, na simba huyo akawekwa kando.

2. Boila ya mitutu ya bunduki. Mwaka 1830 Peter Cooper aliunda Tom Thumb kwa ajili ya reli ya Baltimore & Ohio. Alipokosa mabomba ya boila, alitia mitutu ya bunduki. Husimuliwa kwamba injini hiyo ilishindanishwa na farasi, ikatangulia, kisha mkanda wa feni ukachomoka na farasi akashinda. Hata hivyo, aliyekuja kuachishwa kazi ni farasi.

3. Kelele zilimponza. Best Friend of Charleston ilianza kubeba abiria kwa ratiba siku ya Krismasi ya 1830, huko South Carolina. Juni 1831 mchochea moto alichoshwa na mlio wa mvuke uliokuwa ukitoka kwenye vali ya usalama, akaifunga. Boila ikalipuka na jeraha likamuua. Baada ya hapo kampuni iliweka behewa la marobota ya pamba kati ya injini na abiria, liwe ngao.

4. Fundi bila mchoro. John Bull ililetwa kutoka Uingereza mwaka 1831 ikiwa vipande vipande, bila mchoro wa kuiunganisha. Kijana Isaac Dripps aliikusanya kwa kubahatisha na kujaribu, ikawaka. Baadaye aliiongezea magurudumu ya mbele na kinga ya kusukumia kando mifugo. Mwaka 1981, ikiwa na umri wa miaka 150, jumba la makumbusho la Smithsonian liliwasha moto ndani yake, ikatembea.

5. Iliibwa watu wakinywa chai. Tarehe 12 Aprili 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, James Andrews na wenzake wa upande wa Kaskazini waliiteka injini ya General huko Georgia, wafanyakazi wake wakiwa kwenye kifungua kinywa. Kondakta William Fuller aliwafukuza kwa miguu, kisha kwa kitoroli cha reli, mwisho kwa injini ya Texas iliyokwenda kinyumenyume njia nzima. Wezi waliishiwa kuni kabla ya kufika walikokusudia. Baadhi yao ndio wanajeshi wa kwanza kabisa kupewa Nishani ya Heshima ya Marekani.

6. Reli ilisogezwa kwa siku mbili. Reli nyingi za Kusini zilikuwa pana kuliko za Kaskazini, hivyo mizigo ilihamishwa njiani. Kati ya 31 Mei na 1 Juni 1886, maelfu ya vibarua waling'oa misumari na kuusogeza upande mmoja wa reli kwenye njia zenye urefu wa kilomita zaidi ya 18,000. Injini na mabehewa nayo yalibidi yabadilishwe upana wa magurudumu.

7. Injini ya msituni. Ephraim Shay, mfanyabiashara wa mbao wa Michigan, alipata hataza yake mwaka 1881. Katika injini yake, silinda husimama wima ubavuni upande wa kulia, na boila imesogezwa kushoto ili uzito usiegemee upande mmoja. Silinda huzungusha mhimili mrefu, nao huendesha kila gurudumu kwa meno. Haikuwa na mbio, lakini ilipanda vilima na kukata kona ambazo injini ya kawaida ingeanguka, huku ikiburuta magogo.

8. Boila iliyoinamishwa makusudi. Tangu 1869 kuna reli ya meno inayopanda Mlima Washington, New Hampshire, wenye urefu wa mita 1,917. Penye mwinuko mkali zaidi, kila mita 100 reli hupanda zaidi ya mita 37. Boila zake za mvuke zimelazwa kimshazari, ili injini ikiwa mlimani maji yakae sawa na yaendelee kufunika tanuri. Tanuri likikosa maji juu yake, chuma hulainika na boila hulipuka.

9. Dereva mbele, moshi nyuma. Kwenye milima ya Sierra Nevada, reli ya Southern Pacific ilipita chini ya mapaa marefu ya mbao yaliyojengwa kuzuia theluji. Moshi ulijaa humo na kuwakaba madereva. Dawa ikawa kugeuza injini: kibanda cha dereva mbele kabisa, dohani nyuma. Iliwezekana kwa sababu zilichoma mafuta, yanayoweza kupitishwa kwenye bomba hadi mbele. Makaa yangehitaji koleo na mtu.

10. Nguvu zote, mwendo sifuri. Jembe la theluji la kuzunguka lilikuwa na boila na silinda zake, lakini mvuke wote ulitumika kuzungusha gurudumu kubwa la visu lililorusha theluji pembeni. Lenyewe halikuweza kujisogeza hata hatua moja. Lilisukumwa na injini nyingine nyuma yake.

11. Injini isiyo na moto. Kwenye viwanda vya baruti, cheche moja ni msiba. Huko zilitumika injini zisizo na tanuri: tangi lao hujazwa maji ya moto na mvuke wa shinikizo kutoka boila ya kiwanda, zikafanya kazi kwa saa kadhaa, kisha zikarudi kujazwa.

12. Ajali kwa matangazo. Tarehe 15 Septemba 1896, William Crush wa reli ya Missouri-Kansas-Texas aliandaa tamasha: magarimoshi mawili kugongana uso kwa uso huko Texas. Watu wapatao 40,000 walifika. Mafundi walikuwa wamemhakikishia kuwa boila hazitapasuka. Zote mbili zilipasuka, vyuma vikawanyeshea watazamaji, na watu wasiopungua wawili wakafa. Crush alifukuzwa kazi, kisha akarudishwa upesi.

13. Msomi aliyepewa koleo. Elijah McCoy, mwana wa wazazi waliotoroka utumwa Kentucky, alisomea uhandisi Scotland. Reli ya Michigan Central ilimpa kazi ya kuchochea moto na kupaka mafuta. Mwaka 1872 alipata hataza ya kifaa kinachozilainisha silinda treni ikiwa mwendoni. Huko Kusini, weusi waliruhusiwa kutia makaa miaka nenda rudi bila kupewa usukani. Ni mwaka 1944 ndipo Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Bester Steele, ilipoamua kwamba chama cha wachochea moto, kilichowakataa weusi uanachama, hakina ruhusa ya kuwabagua katika mikataba ya kazi.

14. Philadelphia hadi Mombasa. Kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia kiliunda injini zaidi ya 70,000. Miongoni mwake ni 36 zilizonunuliwa na Reli ya Uganda mwaka 1899 na 1900, wakati njia ikisonga kutoka pwani kwenda Ziwa Victoria.

15. Jina la chaki. Kati ya 1941 na 1944, Union Pacific iliundiwa injini 25 za kuvuka milima ya Wasatch. Kila moja, pamoja na behewa lake la makaa na maji, ilikuwa na urefu wa mita 40 na uzito wa tani zipatazo 540. Mfanyakazi mmoja kiwandani aliandika "Big Boy" kwa chaki kwenye mojawapo, jina likaganda. Namba 4014 ilirudi relini Mei 2019, sasa ikichoma mafuta.

16. Mlio uliobaki. Norfolk & Western, kampuni kubwa ya mwisho kung'ang'ania mvuke, ilisalimu amri kwa dizeli mwaka 1960. Lugha ya king'ora haikustaafu. Hadi leo, sheria inaitaka treni inayokaribia kivuko cha barabara ipige mlio mmoja mrefu, wa pili mrefu, mmoja mfupi, kisha mrefu tena. Ukiwa Marekani ukausikia, usikimbilie kuvuka.