Reli ya Kati: Kwa nini treni ikichelewa huchelewa kwelikweli

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MSAFIRI wa treni ya Reli ya Kati huijua saa ya kuondoka, kwa kuwa imeandikwa kwenye tiketi yake. Saa ya kufika ni jambo jingine.

Kwa miaka mingi abiria wa Kigoma, Tabora, Mpanda na Mwanza wamelalamikia safari zinazoahirishwa, treni zinazosimama porini usiku kucha na matangazo yanayobadilika kila baada ya saa chache. Lawama huelekezwa kwa watendaji wa stesheni, ambao mara nyingi nao hawana jibu. Chanzo cha tatizo lakini kiko ndani zaidi, katika namna reli yenyewe inavyofanya kazi.

Hasara inayopatikana si ndogo. Mama anayeleta dagaa na mawese kutoka Kigoma hupanga kuwakuta wateja sokoni siku fulani. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda Muhimbili ana tarehe yake ya kumwona daktari. Familia iliyobeba chakula cha siku mbili hulazimika kununua cha siku ya tatu kwa bei ya wachuuzi wa njiani. Abiria wa basi lililoharibika anaweza kushuka na kupanda jingine. Wa treni iliyokwama katikati ya stesheni mbili hana pa kwenda, na wenye watoto na mizigo ndio wa mwisho kufikiria kutembea.

Reli hiyo ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, umbali wa takriban kilometa 1,250 kutoka Dar es Salaam. Tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Ni reli ya upana wa meta moja na, jambo lililo muhimu kuliko yote kwa abiria, ni ya njia moja.

Maana yake ni kwamba treni mbili zinazokuja zikielekeana haziwezi kupishana popote pale. Hupishana stesheni, penye njia ya pembeni. Moja huingia pembeni na kungoja hadi nyingine ipite. Aidha, treni hairuhusiwi kuingia katika kipande cha njia mpaka stesheni ya mbele ithibitishe kuwa kipande hicho ni kitupu.

Chukua mfano wa treni ya mizigo inayoharibika kichwa kati ya Saranda na Manyoni, katika mpando wa Bonde la Ufa. Treni ya abiria inayotoka Tabora itazuiwa Manyoni. Inayotoka Dar es Salaam itazuiwa Saranda, ambako angalau abiria wanaweza kununua kuku, maana stesheni hiyo ina sifa zake. Kichwa cha msaada huenda kikatoka mbali, na kikifika ni lazima kwanza kiondoe treni iliyokwama. Hitilafu ya saa moja hugeuka kuwa ucheleweshaji wa saa tano au sita.

Hapo hesabu haijaisha. Treni iliyokosa zamu yake ya kupishana itakuta kila stesheni mbele yake ina mpango mwingine, na italazimika kungoja tena. Mabehewa yatakayofika Kigoma yakiwa yamechelewa ndiyo hayo hayo yanayosafishwa, kujazwa maji na kurudi Dar es Salaam. Kwa hiyo abiria anayeambiwa Jumapili kwamba treni haijafika huwa analipia hitilafu iliyotokea siku mbili au tatu kabla, mamia ya kilometa kutoka alipo.

Hali ya njia nayo inachangia. Palipo na mataruma yaliyochoka, tuta lililolegea au daraja lenye mashaka, dereva huagizwa kupunguza mwendo. Kipande cha kilometa 10 kinachopitwa kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa huchukua dakika 10. Kwa mwendo wa kilometa 20 huchukua nusu saa. Vipande kumi vya namna hiyo vinatosha kupoteza zaidi ya saa tatu bila kitu chochote kuharibika.

Adui mkubwa zaidi ni maji. Kati ya Kilosa na Gulwe reli hufuata bonde la Mto Mkondoa, mto ambao wakati wa masika hubeba mchanga na mawe kutoka milimani, huhama mkondo na kula tuta. Mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 yalisomba reli katika eneo hilo, na usafiri wa treni kati ya Dar es Salaam na Dodoma ukasimama kwa miezi kadhaa. Mradi wa ukarabati uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2014, uliimarisha njia kutoka Dar es Salaam hadi Isaka. Mto lakini haukuhamishwa.

Upungufu wa vichwa vya treni ni sura nyingine ya tatizo hilo. Oktoba 2007 Serikali iliikabidhi reli kwa kampuni ya ubia iliyojulikana kama TRL, ambamo kampuni ya RITES ya India ilimiliki asilimia 51, kwa mkataba wa miaka 25. Kilichofuata ni migomo ya wafanyakazi na malalamiko ya abiria, na mwaka 2011 Serikali ikairejesha mikononi mwake. Vichwa vinapokuwa vichache, menejimenti yoyote hukabiliwa na uchaguzi mmoja: kuvuta mizigo inayoleta fedha, au abiria ambao nauli zao ni za chini. Si vigumu kubashiri nani husubiri.

Hata hivyo, si kila kusubiri ni uzembe. Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima katika Mkoa wa Dodoma ilirudi nyuma bila breki na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Treni inayocheleweshwa ili breki zake zikaguliwe inacheleweshwa kwa sababu ya haki.

Jambo ambalo halina utetezi ni ukimya. Stesheni huwasiliana zenyewe kwa zenyewe kuhusu mahali treni ilipo. Bila hivyo zisingeweza kuipa kibali cha kuendelea. Taarifa hiyo ipo, ila haimfikii aliyeketi juu ya begi lake nje ya lango. Akiambiwa mapema kwamba treni itafika saa 12 baadaye, atarudi nyumbani, atapiga simu kwa ndugu, atatafuta basi. Akiambiwa “subirini kidogo”, anapoteza siku nzima na hasira zake zinaishia kwa karani wa tiketi.

Reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024 na kufika Dodoma Julai 25 mwaka huo, imeondoa sehemu kubwa ya kero hizo kwa wanaosafiri katika njia hiyo. Imejengwa kwa treni za kwenda hadi kilometa 160 kwa saa. Lakini nayo ni ya njia moja: kilometa 300 za kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilometa 205 za njia kuu na 95 za njia za kupishana na za stesheni. Na kwa kuwa inatumia umeme, imekuja na sababu zake za kukwama. Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache tu baada ya safari za Dodoma kuanza, treni zilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na Shirika la Reli Tanzania likawataja baadaye wanyama na ndege wanaogusa nyaya miongoni mwa visababishi.

Vipande vya SGR vya kutoka Makutupora kwenda Tabora, Isaka, Mwanza na Kigoma viliwekwa katika mikataba tofauti ya ujenzi. Mpaka treni ya umeme ifike huko, abiria wa magharibi atateremka Dodoma akatafute basi, au atapanda ile ile ya njia ya meta moja, inayopita kando ya Mkondoa.