Kuipamba Thurea

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwahadithie habari za thurea, ile taa kubwa yenye matawi inayoning'inia darini. Kabla ya umeme ilibeba mishumaa, na mapambo yake yalikuwa na kazi: kuudaka mwanga mdogo na kuutawanya chumba kizima.

Huko Venice, Italia, mwaka 1291 watawala waliamuru tanuri za vioo zihamie kisiwa cha Murano, kwa kuhofia moto. Mafundi wa huko walichanganya mchanga na majivu ya mimea yenye magadi, wakapata kioo kinachovutika kama halua ingali jikoni. Fundi alikivuta, akakipinda, akatoa majani na maua kabla hakijapoa. Katika karne ya 18 Giuseppe Briati alisifika kwa thurea zilizosheheni maua ya kioo cha rangi. Jumba la Ca' Rezzonico, kulekule Venice, lina thurea ya Briati.

Waingereza walishika njia nyingine. Katika miaka ya 1670 George Ravenscroft alitia madini ya risasi kwenye kioo. Kikawa kizito, king'avu, kinachokubali kuchongwa. Mwanga ukipita kwenye kipande kilichochongwa pembe hupinda, na kila rangi hupinda kwa kiasi chake, nyekundu kidogo, zambarau zaidi. Ndiyo maana rangi za upinde wa mvua hutokea ukutani.

Basi mkitaka kuipamba thurea ya kwenu, msikimbilie dukani. Kila mlichonacho kiinueni dirishani kwanza, mkione kinavyoufanya mwanga. Ushanga wa kioo huupitisha na kuutia rangi. Kifungo cha lulu huurudisha kwa upole. Ushanga wa mbao huuzuia, ukaacha kivuli. Mimi huzipenda zaidi shanga za mkufu wa bibi uliokatika, kwa kuwa hakuna nyumba nyingine iliyo nazo.

Zitungeni kwenye mshipi wa kuvulia samaki. Mkitundika tawi hili, tundikeni na la mkabala wake, la sivyo taa italala upande. Karatasi na vitambaa visikaribie balbu. Kupanda ngazi ni kazi ya mtu mzima: azime umeme kwenye swichi kuu, kisha ahakikishe kulabu imeshika boriti, maana waya haukuwekwa kubeba uzito.

Usiku ukiingia, washeni mtazame kuta. Palipo na kivuli kizito, punguzeni shanga mbili tatu, mjaribu tena.