Maradhi ya Mgongo: Je, Yapasa Kila Mgonjwa Apasuliwe?

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa ni chache nyumba zisizokuwa na mtu anayelia mgongo. Kazi za huko ni kazi za kuinama. Msimu wa korosho unapofika, baba, mama na watoto hushinda chini ya mikorosho wakiokota. Kisha magunia, ambayo moja lake hukaribia kilo 80, hubebwa mabegani kupelekwa ghalani. Zikiisha korosho kuna jembe la ufuta na mbaazi, na kina mama wana ndoo za maji na mizigo ya kuni zaidi ya hayo. Basi siku moja mtu huinua gunia, akasikia kitu kimemchoma kiunoni. Na baada ya siku chache maumivu hushuka takoni, pajani na muundini mpaka kwenye vidole vya mguu.

Akienda kutazamwa akapigwa picha, huambiwa kwamba diski imetoka. Akirudi nyumbani, jirani mmoja humwambia kuwa hapana dawa ila kupasuliwa na kufungwa vyuma. Hapo ndipo ukoo hukutana kushauriana ni shamba gani liuzwe. Kuuza mikorosho inayozaa ni kuuza chakula na ada za watoto kwa miaka mingi ijayo, kwa hiyo twaona ni wajibu wetu kueleza jambo hili kinaganaga, ili shauri hilo likatwe kwa ujuzi wala lisikatwe kwa hofu.

DISKI NI KITU GANI

Mwenyezi Mungu ameuumba uti wa mgongo kwa pingili zilizopangana. Zinazojongea ni 24: shingoni 7, kifuani 12 na kiunoni 5. Baina ya pingili na pingili mna mto mdogo, nao ndio unaoitwa diski. Nje yake ni pete ngumu ya nyuzi nyuzi, na ndani mna kitu laini kama ute mzito. Pete hiyo ikichanika, ute hutokeza nje na kuugusa mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Mshipa hubanwa, tena huvimba na kuwaka kwa sababu ya ute huo. Ndiyo maana chanzo cha ugonjwa kiko kiunoni lakini maumivu yasikike mguuni. Aghalabu mito inayoharibika ni ile miwili ya chini kabisa, maana ndiyo inayochukua uzito mwingi.

Jambo hili lilifahamika vyema mwaka 1934, pale madaktari wawili wa Boston, Marekani, Mixter na Barr, walipoeleza kuwa maumivu ya mguu ya namna hii huletwa na diski iliyopasuka. Kazi ya kuunganisha pingili ilikuwa imekwisha kuanza kabla yao, mwaka 1911, mjini New York, mikononi mwa madaktari Hibbs na Albee. Lakini wao hawakuianza kwa ajili ya diski. Walitibu uti wa mgongo ulioliwa na kifua kikuu na uliopinda. Basi msomaji aone kwamba tiba hizi mbili zina asili mbalimbali, na si lazima moja iandamane na nyingine.

MWILI HUJITIBU

La kwanza la kujua ni kwamba wagonjwa walio wengi hupata nafuu pasipo kisu, aghalabu katika muda wa majuma 6 mpaka 12. Mwili wenyewe hukiona kile kipande kilichotoka kuwa ni kitu kigeni, ukakila kidogo kidogo mpaka kikasinyaa. Mara nyingi kipande kikubwa ndicho kinachosinyaa zaidi.

La pili, picha peke yake haitoshi kuhukumu. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya uchunguzi wa picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa. Walikuta kwamba hata miongoni mwa vijana wa miaka 20, watatu katika kila kumi walikuwa na diski iliyobenuka, na kwa wazee wa miaka 80 ni zaidi ya wanane katika kumi. Kwa hiyo daktari mwema hutazama picha pamoja na mgonjwa: maumivu yafuate njia ya mshipa ule ule ulioguswa katika picha. Yasipoafikiana, kisu hakitasaidia.

NJIA ZILIZOPO KABLA YA VYUMA

Njia ya kwanza ni kujongea kwa kiasi. Zamani mgonjwa aliamriwa alale majuma mazima. Siku hizi imebainika kwamba kulala sana hakuponyi, bali hudhoofisha misuli. Apumzike siku moja au mbili ikiwa maumivu ni makali, kisha atembee kidogo kidogo, wala asibebe mizigo. Pamoja na hayo atumie dawa za kutuliza kama ibuprofeni kwa shauri la mganga, kwani zaweza kumdhuru mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo au shinikizo la damu.

Njia ya pili ni mazoezi yanayofundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo. Haya hayana gharama kubwa, ila yataka subira na kuyafanya kila siku. Kukandwa kwa upole kwaweza kumburudisha mgonjwa. Lakini kukanyagwa mgongo au kuvutwa kwa nguvu, hasa kwa mtu ambaye mguu umekwisha legea, ni hatari.

Njia ya tatu ni sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe, ichomwayo na daktari bingwa karibu na mshipa ulioguswa. Nafuu yake aghalabu ni ya muda, lakini yaweza kumpa mgonjwa nafasi ya kufanya mazoezi.

Njia ya nne, majuma yakipita pasipo nafuu, ni upasuaji mdogo wa kuondoa kile kipande tu, pingili zikaachwa zijongee kama zilivyoumbwa. Huko Uholanzi, mwaka 2007, wagonjwa 283 wenye maumivu makali waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walipasuliwa mapema, na fungu la pili wakangoja wakitibiwa, wapasuliwe ikilazimu. Waliopasuliwa mapema walipona upesi zaidi, lakini mwaka ulipotimia, mafungu yote mawili yalikuwa sawa: kiasi cha 95 katika kila 100 walikuwa wamepata nafuu. Na katika wale waliongoja, kiasi cha sita katika kila kumi hawakuhitaji kisu katika mwaka huo.

Ama kuunganisha pingili kwa vyuma, kuna mahali pake: pingili zilizovunjika, zilizoteleza, zilizopinda sana au zilizoharibiwa na maradhi. Lakini diski iliyotoka mara ya kwanza, bila ya mambo hayo, kwa kawaida haihitaji vyuma. Pingili zikiunganishwa mjongeo hupotea, nazo jirani zake huchukua mzigo zaidi. Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, iliwaambia madaktari wasiwape watu tiba hii kwa maumivu ya kiuno tu, ila iwe katika uchunguzi wa kitaalamu.

Watu wa Nachingwea wanayo historia ya kuwafunza jambo hili. Mwaka 1947 Waingereza waliingia na matrekta kulima karanga, wakang'oa misitu na kujenga reli kabla ya kupima vyema udongo na mvua. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara yake ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Na reli nayo iling'olewa baadaye. Anayekata kabla ya kupima hujuta, iwe ni msitu au ni mgongo.

PASIPOFAA KUNGOJA

Lakini subira tuliyoihimiza ina mipaka. Mgonjwa akishindwa kukojoa au asijizuie haja, akifa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au miguu ikazidi kulegea, apelekwe hospitali siku ile ile, maana hapo kuchelewa kwaweza kumlemaza maisha. Vilevile mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda wafaa uchunguzwe kifua kikuu, ambacho hutibiwa kwa dawa za miezi mingi. Aliyeanguka kutoka mtini naye asikae nyumbani.

Aanzie zahanati yake na hospitali ya wilaya, Nachingwea au Ruangwa. Mbele yake ziko Nyangao na Ndanda, Sokoine mjini Lindi, na hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mtwara. Akihitaji bingwa wa uti wa mgongo, iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Akiambiwa afungwe vyuma, aulize kwa adabu: Je, pingili zangu zimelegea? Kuondoa kipande tu hakutoshi? Nikingoja majuma sita nitadhurika nini? Daktari mjuzi hachukizwi na maswali haya.

Wala mgonjwa asijitese katika ibada. Mtume wetu (s.a.w.) alimruhusu Imran bin Huswain, aliyekuwa mgonjwa, asali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Basi mwenye mgongo asali juu ya kiti na kuashiria rukuu na sijda, mpaka apone.

Na ninyi vijana, nusu ya dawa iko mikononi mwenu. Gunia libebwe na wawili, ndoo ya mama ichukuliwe na mwanawe, na mzigo uinuliwe kwa magoti wala si kwa kiuno. Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu. Amin.